Bao la jioni: mwongozo kamili wa kujaza saa za mapumziko nyumbani

Kati ya chakula cha usiku na kulala, nyumba nyingi zina saa moja na nusu au mbili ambazo hazina mwenyewe. Runinga inazijaza, simu inazimega, na kesho yake hakuna anayekumbuka alifanya nini. Shughuli za kuziba saa hizo zipo tele: drafti ya vizibo vya soda, karata, kusuka ukili, kusomeana kitabu kwa sauti, vitendawili na watoto. Nyingi zinaanza kwa moto, kisha wiki ya pili zinaachwa kwa sababu mtu ameshazimaliza. Burudani ya jioni inadumu pale inapokuwa na ngazi, yaani kila ukipanda daraja moja unaliona jingine juu yake. Kwa hilo hatujui mchezo wa nyumbani unaoushinda bao la kiswahili. Hauli umeme wala bando, unaweza kuutengeneza kwa takataka za jikoni, na kuna wazee wa Unguja, Pemba na Lamu walioucheza maisha yao yote na bado wanajifunza.

Tatizo lake ni kwamba watu wengi hufundishwa vibaya. Mgeni anakalishwa mbele ya mchezaji mzoefu, anaelezwa kanuni zote kwa dakika tano, anafungwa mara tatu mfululizo bila kujua kilichompata, kisha anasema mchezo huu ni wa wazee. Mwongozo huu unakwenda polepole. Wiki ya kwanza ni bao la kujifunza peke yake. Kanuni nyingine zinaongezwa moja moja kwa wiki nne, jioni tatu kila wiki.

Ubao wa trei la mayai

Bao ni safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Ubao wa kuchonga kwa mninga au mvule ni kitu kizuri cha kurithisha, lakini usiununue kabla hujajua kama mchezo umeingia nyumbani mwako. Anza na trei mbili za karatasi za mayai 30.

1. Trei la mayai 30 lina safu tano za mashimo sita. Kwenye trei la kwanza kata safu moja ya mashimo sita uiweke kando. Linabaki pande la safu nne za mashimo sita.
2. Kwenye trei la pili kata pande la safu nne za mashimo mawili.
3. Unganisha mapande hayo ubavu kwa ubavu upate safu nne za mashimo manane. Shona kwa sindano kubwa na uzi wa viatu, au tumia gundi ya unga: vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi, koroga hadi mabuja yaishe, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Iache ipoe kabla ya kupaka.
4. Bandika vyote juu ya kipande cha boksi gumu. Hatua hii watu huiruka, na bila boksi ubao unapinda katikati kila mtu anapochota kete, kete za jirani zinaruka, na hesabu inavurugika.
5. Acha ikauke usiku kucha. Gundi ya unga ikifungiwa mahali penye unyevu huota ukungu, kwa hiyo iweke panapopita hewa.

Ukikosa trei, chora kwenye boksi. Chukua kipande cha sentimita 56 kwa 28, kigawe miraba 32 ya sentimita 7, na ndani ya kila mraba chora duara kwa mdomo wa glasi. Kinachezeka, ila kete zinateleza kutoka duara moja hadi jingine, hivyo tumia kete zisizobingirika. Uani, mashimo yaliyochimbwa mchangani yanatosha kabisa.

Kete zinahitajika 64, na weka nyingine sita za akiba maana zitapotea chini ya kochi. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, nazo zinapendeza kwenye ubao wa mbao wenye mashimo mapana. Kwa trei la mayai ni kubwa mno: shimo likifika kete kumi zinamwagika. Mbegu za ubuyu ndizo bora hapo, kwa kuwa ni nyepesi, hazitelezi sana na hupati tabu kuzishika. Zioshe zitoke unga wote na uzianike jua kali siku mbili, la sivyo zinanata na unaangusha mbili ukidhani ni moja. Maharage makubwa pia yanafaa. Kokoto zinaharibu trei. Na kama nyumba ina mtoto anayetia kila kitu mdomoni, kete zihesabiwe na kufungiwa koponi kila mchezo unapokwisha.

Mahali, taa na saa

Ubao ukae katikati, upande mrefu ukielekea kila mchezaji, kwenye mkeka au juu ya kigoda. Taa iwe juu ya vichwa. Ikiwekwa ubavuni, iwe kandili au taa ya sola, nusu ya mashimo yanaingia kivulini na mtu anasoma kete tatu palipo na nne. Makosa mengi ya usiku chanzo chake ni hicho tu.

Panga siku zinazojulikana, mathalani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, baada ya vyombo kuoshwa. Saa moja inatosha. Mchezo mmoja wa wanaoanza huchukua kati ya dakika 20 na 40, hivyo ni michezo miwili kwa jioni. Mkizidisha, akili inachoka kuhesabu na mchezo unageuka kazi. Simu zibaki chumba kingine, kwa sababu bao linataka ukumbuke mwenzako amefanya nini zamu iliyopita, na ujumbe mmoja ukiusoma unafuta kumbukumbu hiyo yote. Kahawa chungu na kashata ziwe upande wa mkono usiochezea.

Ramani ya bao

Safu mbili zilizo karibu nawe ni zako na mbili za upande wa pili ni za mwenzako. Ya mbele ni ile inayopakana na mwenzako, ya nyuma ni ile iliyo kifuani pako. Katika mwongozo huu mashimo ya mbele tunayaita M1 hadi M8 kuanzia kushoto kwako, na ya nyuma N1 hadi N8, N1 likiwa nyuma ya M1. Mwenzako naye anahesabu kutoka kushoto kwake yeye.

Majina matatu uyashike mapema. *Kichwa* ni shimo la pembeni kabisa katika safu ya mbele, M1 na M8. *Kimbi* ni kichwa pamoja na shimo linalofuata: M1 na M2 kushoto, M7 na M8 kulia. *Nyumba* ni M5, shimo la tano kutoka kushoto, ambalo kwenye ubao wa kuchonga hufanywa la mraba. Kwenye trei lipake rangi au lizungushie kalamu ya wino. Wiki ya kwanza nyumba haina kazi, lakini lizoee.

Kete zako zinazunguka upande wako tu, mashimo 16. Ukienda kulia unapita M1 hadi M8, unashuka N8, unarudi hadi N1, kisha unapanda tena M1. Ukienda kushoto ni njia hiyo hiyo kinyume. Hazivuki kamwe kwenda kwa mwenzako.

Wiki ya kwanza: bao la kujifunza

Weka kete mbili katika kila shimo, yote 32, na mkononi usibaki na kitu. Kanuni ni hizi:

1. Katika zamu yako chagua shimo lako lolote, mbele au nyuma, lenye kete 2 hadi 15. Shimo la kete moja halianzishi mchezo. Zikiwa 16 au zaidi huwezi kuanza kula nalo, maana zinazunguka upande mzima.
2. Chota kete zote, chagua upande, na dondosha moja moja kuanzia shimo linalofuata.
3. Ukila unaendelea, na unakula hivi: kete ya mwisho ikianguka katika shimo lako la mbele ambalo tayari lilikuwa na kitu, na shimo la mwenzako linalolikabili lina kitu, unachukua kete zote za shimo hilo la mwenzako. Za safu yake ya nyuma haziliwi.
4. Kete ulizokula huanzia kichwani, na ya kwanza inadondoka ndani ya kichwa chenyewe. Kama unakwenda kulia unaanzia M1, kama unakwenda kushoto unaanzia M8. Lakini ukila ukiwa kwenye kimbi, unalazimika kuanzia kichwa cha kimbi hicho hata kama mwelekeo unageuka.
5. Kete ya mwisho ikianguka palipo na kitu lakini hapana cha kula, chota zote zilizomo na uendelee upande ule ule.
6. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako.
7. Kula ni lazima. Ikiwa lipo shimo linaloweza kula kwa mzunguko wa kwanza, huruhusiwi kucheza jingine lisilokula. Yakiwa mengi, unachagua.
8. Ukikosa kabisa la kula, *unatakata*: unachota shimo la mbele lenye kete mbili au zaidi, unasambaza na kuendelea mpaka ulale, na zamu hiyo yote huli hata ukipita mbele ya shimo lililojaa. Mbele pakikosa shimo la namna hiyo, unatakata kwa la nyuma.
9. Unashinda safu ya mbele ya mwenzako ikibaki tupu, au akiwa hana shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi.

Kanuni zikisomwa hivi ni nzito. Ziwekeni ubaoni. Kete zikiwa mbilimbili kila mahali, cheza hivi:

Chota M3 kwenda kulia. Moja M4, moja M5. M5 palikuwa na kitu na mwenzako hapo mbele ana mbili: unazila. M5 si kimbi, mwelekeo ni kulia, kwa hiyo unaanzia M1: moja M1, moja M2. M2 palikuwa na kitu na mbele yake kuna mbili: unazila. Sasa uko kimbi cha kushoto, unaanzia M1 tena: moja M1, moja M2. Mbele ya M2 umekwisha pasafisha, hakuna cha kula, lakini M2 ina kete nne. Zichote: M3, M4, M5, M6. M6 palikuwa na kitu na mbele yake kuna mbili: unazila, unaanzia M1. Moja M1, ya mwisho M2. Lakini M2 uliichota muda si mrefu na ni tupu. Umelala.

Kagua hesabu. Safu yako ya mbele, kutoka kushoto, iwe 5, 1, 1, 4, 4, 3, 2, 2, na ya nyuma haijaguswa. Jumla ni 38 kwako na 26 kwa mwenzako. Ukipata tofauti, rudisha mbilimbili uanze tena. Kosa karibu kila mara liko mahali pamoja: umeanza kusambaza kete ulizokula baada ya kichwa badala ya ndani yake.

Zoezi la pili linaonyesha kimbi kinavyogeuza njia. Rudisha kete mbilimbili, chota M5 kwenda kulia: M6, M7. M7 ni kimbi cha kulia, unakula mbili na unaanzia M8 ukirudi kushoto: M8, M7. Hapana cha kula, M7 ina nne, endelea kushoto: M6, M5, M4, M3. M3 inakula mbili, mwelekeo sasa ni kushoto, anzia M8: M8, M7. M7 ni tupu, umelala. Mbele pawe 2, 2, 3, 3, 1, 4, 1, 4, na jumla yako 36. Jioni ya kwanza fanyeni mazoezi haya mawili, kila mtu mara tatu, ndipo mcheze mchezo kamili. Yanachukua robo saa na yanaokoa ubishi wa wiki nzima.

Makosa ya wanaoanza, na kwa nini hutokea

Kosa kubwa kuliko yote ni kusahau umekwenda upande gani. Mtu anakula, anafurahi, anaanzia kichwa kibaya. Dawa yake ni kutamka upande kabla ya kuchota: "kulia" au "kushoto". Kimbi pekee ndicho kinachoruhusiwa kubadilisha neno hilo, na kikilibadilisha, litamke upya.

La pili ni kula katika zamu ya kutakata. Ukianza bila kula, macho yataona shimo la mwenzako limejaa na mkono utanyoosha vidole wenyewe. Semeni wazi mwanzo wa zamu: "natakata." Mwenzako ndiye mlinzi wako.

La tatu ni kudondosha kete mbili pamoja. Chota kwa mkono mmoja, zilaze kwenye kiganja, na zisukume kwa kidole gumba moja moja. Kuzidondosha kutoka juu huzifanya ziruke. Shusha mkono hadi mdomoni mwa shimo.

Wengine wanacheza safu ya mbele tu na kusahau ya nyuma. Ukitazama mwanzo wa bao la kujifunza, N2 yenye kete mbili ikifuata njia ya kulia inafika N1 kisha M1, na M1 inakula. Shambulio la namna hii halionekani kirahisi na ndilo linalowamaliza wageni.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, nayo si ngumu. Kwenda kulia kutoka shimo la mbele, jumlisha namba ya shimo na idadi ya kete. M2 yenye nne inafika M6. Jumla ikizidi 8, itoe katika 17 upate shimo la nyuma: M6 yenye kete tano ni 11, na 17 kutoa 11 ni 6, kwa hiyo inaishia N6. Kutoka shimo la nyuma kupandia M1, chukua idadi ya kete, toa namba ya shimo, ongeza moja: N3 yenye tano inaishia M3. Ukielekea upande mwingine, hesabu mashimo kutoka kulia badala ya kushoto na kanuni ni ile ile. Wiki mbili za kuhesabu hivi, jicho linaanza kuona lenyewe.

Wiki ya pili: kuwaza kabla ya kuchota

Hapa hakuna kanuni mpya. Kila zamu jiulize mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, mwenzako angepewa zamu sasa hivi angekula wapi? Pili, katika mashimo yangu yanayokula, ni lipi linaloondoa hatari hiyo au kula lile shimo analotaka kulitumia? Mchezaji mgeni anachagua shimo linalomletea kete nyingi. Mzoefu anachagua linalomwacha mwenzake bila cha kula, kwa sababu mtu anayelazimika kutakata anazitawanya kete zake mwenyewe na kukufungulia njia.

Kete za nyuma haziliwi, hivyo panavutia kuzilundika huko. Ni kinga, lakini ina bei yake: safu ya mbele ikiwa nyembamba, mwenzako anahitaji kula mara mbili tatu tu kuimaliza, na mchezo umekwisha huku wewe una kete ishirini nyuma zisizokusaidia. Unapoona mbele umebakiwa na mashimo matatu yenye kitu, anza kuzipandisha za nyuma mapema.

Linda kimbi zako. Shimo la kimbi lenye kitu linakupa uwezo wa kugeuza mwelekeo, na wachezaji wazuri wanashinda kwa migeuzo hiyo.

Wiki ya tatu na ya nne: namua na nyumba

Sasa mnaingia bao lenyewe. Kila mmoja anaweka kete 6 katika nyumba (M5), 2 katika M6 na 2 katika M7. Kete 22 zinabaki mkononi. Ziwekeni kwenye bakuli dogo. Kipindi hiki kinaitwa *namua*, na kinaendelea hadi mabakuli yawe matupu. Baada ya hapo mnacheza *mtaji*, kama mlivyozoea.

Katika namua kila zamu inaanza kwa kuingiza kete moja kutoka bakulini ndani ya shimo lako la mbele ambalo si tupu. Ikiwa shimo la mwenzako linalolikabili lina kitu, unalila hapo hapo na kusambaza kutoka kichwani. Kama si kimbi, kwa ulaji huo wa kwanza unajichagulia kichwa cha kushoto au cha kulia. Baada ya hapo mwelekeo unafuata kanuni za kawaida. Kula bado ni lazima. Usipokuwa na la kula, unaingiza kete yako na kutakata kwa shimo hilo.

Zamu ya kwanza hakuna anayeweza kula, kwa kuwa M5, M6 na M7 zako zinatazamana na mashimo matupu ya mwenzako. Linganisha njia mbili za kuanza. Ukiingiza kete M6 na kwenda kulia, tatu zinaangukia M7, M8 na N8: mbele unakuwa na 6 nyumbani, 3 katika M7 na 1 katika M8, na mwenzako hana cha kula. Ukienda kushoto zinaangukia nyumba, M4 na M3. Hizo mbili za mwisho zimekaa mbele ya nyumba ya mwenzako na shimo lake linalofuata, na zamu ijayo atakula. Anayeanza achague ya kulia mpaka ajue kwa nini angetaka ile nyingine.

Nyumba ina haki zake. Kama hujawahi kuichota na bado ina kete sita au zaidi, basi katika zamu ya kula kete yako ya mwisho ikiangukia hapo na mbele yake hapana cha kula, una hiari: lala hapo na uitunze, au uisafirishe kwa kuchota zote. Katika kutakata, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani unalala. Na ukilazimika kutakata kwa nyumba yenyewe kwa sababu mbele huna shimo jingine lenye kitu, unatoa kete mbili tu.

Kuamua lini nyumba isafiri ndiyo akili ya namua. Nyumba yenye kete 9 au 10 ni windo: mwenzako akipata njia ya kuila, mchezo umegeuka kwa zamu moja. Ukiisafirisha mapema mno, umepoteza ngome na huirudishi. Kipimo cha kuanzia nacho ni hiki: shimo linaloitazama nyumba yako likiwa na kitu na huwezi kulila zamu hii, isafirishe mara upatapo nafasi. Likiwa tupu, ngoja.

Kuna pia kanuni ya *takasia*: anayetakata akimwacha mwenzake hana cha kula, na shimo moja tu la mwenzake liko hatarini, shimo hilo linaweza kufungwa lisichezwe zamu inayofuata. Ina vighairi vyake, na tunashauri muiache mpaka muwe mnacheza namua bila kurejea mwongozo. Kuijua mapema kunawachanganya watu bila faida.

Mkiwa wengi, ukiwa peke yako

Wakiwa wanne, chezeni wawili kwa wawili. Wenzi wanashauriana kwa sauti, mmoja ndiye anayegusa kete, wanabadilishana kila zamu. Huu ndio ufundishaji bora kuliko wote, maana mwanafunzi anasikia sababu. Wakiwa watatu, anayefungwa anapisha. Mtazamaji asiseme kitu mpaka zamu iishe.

Mtoto wa miaka saba au minane anaweza bao la kujifunza. Wadogo zaidi wahesabu kete zilizoliwa, na wakichoka, mpeni anayesubiri zamu kazi ya kutega vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa wanatoa mji ndipo wapewe jibu, yai. Jioni inakuwa ya nyumba nzima.

Ukiwa peke yako, cheza pande zote mbili, ukigeuza ubao kila zamu. Au panga mbilimbili, jaribu kila shimo la mbele pande zote mbili, na andika daftarini umeishia na kete ngapi. M3 kwenda kulia umeshajua ni 38. Tafuta inayozidi hapo.

Ukitaka kutoka kwenda barazani

Baada ya mwezi utatamani mpinzani mwingine. Sogea panapochezwa, salimia, kaa utazame michezo miwili bila kusema. Ukikaribishwa, uliza mambo matatu kabla ya kugusa kete: takasia inachezwaje hapo, nyumba inasafiri lini kwa hiari na lini kwa lazima, na je, mtu anaruhusiwa kugusa kete shimoni ili azihesabu kabla ya kuamua. Majibu hutofautiana baraza kwa baraza, na ubishi mwingi huzuka kwa sababu kila mmoja alidhani kanuni ya kwao ndiyo ya kote. Mpe mzee aanze.